Maswali mnayotuuliza sana kuhusu umeme wa upepo na jua, na kwanini sisi tunaanza na darasa na sheria

Haya maswali tumeyaokota kwenye mikutano, madarasani, kwenye magrupu ya simu, na mengine watu wanatuuliza tukiwa tumeshakunja waya zetu tunaondoka. Kazi yetu ni vitu viwili tu: tunafundisha watu umeme wa jua na upepo unavyofanya kazi, na tunafuatilia sheria na kanuni zinazoamua kama huo umeme utajengwa kwenye kanda au utabaki kwenye hotuba. Majibu mengine marefu mengine mafupi, penye mengi tumesema mengi.

Kwani lazima sera? Si mtu anunue paneli zake afunge juu ya paa maisha yaendelee?

Anunue, tena tunamsaidia kuchagua. Lakini paneli za juu ya paa zinatibu nyumba moja. Hospitali yenye mashine za oksijeni, kiwanda, pampu inayosukuma maji ya mji mzima, hao wote wanategemea gridi, na gridi inaendeshwa kwa sheria: nani anaruhusiwa kuzalisha, nani analazimika kununua, kwa bei gani, kwa miaka mingapi, na nani analipia waya.

Angalia Ujerumani, nchi ambayo baridi ikiingia unaweza kukaa wiki hujaliona jua. Mwaka 1990 bunge lao lilipitisha sheria fupi iliyoanza kazi 1991, ikayalazimisha makampuni ya umeme kupokea na kulipia umeme wa wazalishaji wadogo wa upepo, jua na maji. Mwaka 2000 wakaja na nyingine kali zaidi, mzalishaji anapewa bei iliyopangwa kwa miaka 20. Hapo mambo yakafunguka, manake mkulima sasa anaenda benki na kitu mkononi, benki inaona pesa itaingia kila mwezi kwa miaka 20, inakopesha. Watu wakafunga paneli kwenye mazizi na maghala, soko likawa kubwa, viwanda hasa vya China vikapanua uzalishaji, na bei ikaporomoka kwa dunia nzima. Kati ya 2010 na 2020 gharama ya kuzalisha umeme kwenye mashamba makubwa ya sola ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Jua la kule ni lile lile la 1989. Kwa hiyo ukituona tunakaa na rasimu ya kanuni tunaisoma kifungu kwa kifungu usituone tunapoteza muda.

Mnaposema "kanda" mnamaanisha nini? Kwanini kila wilaya isijifanyie mradi wake?

Kanda ni wilaya jirani kadhaa zinazopanga umeme wao pamoja. Upepo haujui mpaka wa wilaya. Wingu likifunika shamba moja la sola, lingine lililoko kilomita mia mbili liko juani. Ukiziunganisha sehemu nyingi kupanda na kushuka kwa umeme kunapungua, kwa sababu siyo kawaida upepo ukate kote kwa saa ile ile. Hiyo ni faida unayoipata kwa kushirikiana tu na majirani.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote ni wa nchi za kaskazini mwa Ulaya. Norway na Sweden walianzisha soko la pamoja la umeme mwaka 1996, baadaye Finland na Denmark wakaingia. Denmark ina upepo mwingi, Norway ina mabwawa. Upepo ukivuma sana Denmark, Norway wananunua umeme wa bei chee na kufunga maji yao yabaki bwawani. Upepo ukitulia wanafungua maji, umeme unarudi upande wa pili. Yaani bwawa la jirani linakuwa betri yako bila wewe kujenga betri. Sa hivi zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark unatoka kwenye upepo, na wasingefika hapo wakiwa wamejifungia ndani.

Sasa ili hilo liwezekane mnahitaji laini za kuvuka mipaka, kanuni za kiufundi zinazofanana, na meza moja ya kukaa kupanga. Wilaya moja ikienda peke yake kwa mwekezaji haina nguvu ya kudai hata kimoja kati ya hivyo. Tano zikienda pamoja zinasikilizwa.

Kipi kinatangulia, laini au mitambo?

Hili swali ndo limeua miradi mingi kuliko ukosefu wa pesa. Mwekezaji anasema sijengi mpaka nione laini. Mwenye gridi anasema siwezi kuvuta laini kwenda porini ambako hakuna mtambo hata mmoja. Wanaangaliana miaka inapita.

Texas walikata huo mzunguko kwa sheria. Mwaka 2005 waliagiza maeneo yenye upepo mzuri yatambuliwe rasmi, alafu laini zijengwe kuelekea huko kabla mitambo haijakamilika, na gharama igawanywe kwa watumiaji wote wa umeme. Hadi kufikia 2014 walikuwa wamevuta zaidi ya kilomita 5,500 za laini kwa karibu dola bilioni 7. Wengi walilalamika ni pesa nyingi. Upepo ukaja kujaa kwenye zile laini, na leo Texas inaongoza Marekani nzima kwa umeme wa upepo, jimbo ambalo watu wanalijua kwa mafuta.

Upande wa pili angalia mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya. Mitambo 365, jumla megawati 310, mradi mkubwa kabisa wa kujivunia. Mitambo ilikuwa imesimikwa yote 2017, ila laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuupeleka umeme kituo cha gridi cha Suswa ikakamilika Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka upepo unavuma, mitambo iko tayari, na hakuna uniti inayomfikia mtu, huku mkataba unasema mzalishaji alipwe kwa kucheleweshwa. Kwa hiyo ukisikia mradi umetangazwa kwenye kanda yenu usiulize tu una megawati ngapi. Uliza laini inakamilika lini, nani kasaini kuijenga, na ikichelewa nani analipa.

Upepo ukikata je? Na usiku jua halipo?

Ni swali halali na tunalikaribisha. Jibu liko kwenye mchanganyiko: upepo na jua pamoja, mabwawa yaliyopo yatumike kama akiba, betri za kubeba yale masaa ya jioni, laini za kwa jirani, na ratiba ya matumizi. Hicho cha mwisho watu wanakisahau lakini ndo cha bei rahisi. Pampu ya maji ya mji haina haja ya kupiga kazi saa moja usiku wakati kila mtu kawasha taa, inaweza kujaza tangi saa saba mchana jua likiwa kali.

South Australia ni darasa zuri kwa hili. Tarehe 28 Septemba 2016 jimbo zima lilizima. Siku hiyo hiyo watu wakarukia kusema upepo umeua gridi. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana dhoruba iliangusha minara zaidi ya 20 ya laini kubwa, volti ikayumba mara kadhaa ndani ya sekunde chache, na baadhi ya mashamba ya upepo yalikuwa yamesetiwa yapunguze umeme volti ikiyumba hivyo mara nyingi, seting ambayo mwendesha gridi hakuwa anaijua. Tunawaeleza watu yote mawili, la dhoruba na la seting, hatufichi la pili. Seting zikabadilishwa. Mwaka uliofuata wakaweka betri ya megawati 100 pale Hornsdale, kubwa kuliko zote duniani kwa wakati ule, na leo karibu asilimia 70 ya umeme wa jimbo lile ni upepo na jua. Walikosea, wakapima, wakarekebisha kanuni, wakaendelea.

Lakini si upepo ndo ulizima umeme Texas kwenye baridi kali ya Februari 2021?

Hapana. Kuna mitambo ya upepo iliganda kweli, ila zaidi ya nusu ya mitambo iliyozima kwenye ile baridi ilikuwa ya gesi, vifaa vikaganda na gesi yenyewe ikashindwa kufika. Shida ilikuwa hakuna aliyelazimishwa kuandaa mitambo yake kwa baridi kali, iwe ya gesi au ya upepo. Tena hiyo ni habari ya kanuni.

Tutajuaje kama kwetu kuna upepo wa kutosha?

Usipime kwa kusikia bati linapiga kelele usiku. Kuna ramani mbili za bure kwenye intaneti, Global Wind Atlas na Global Solar Atlas, Benki ya Dunia iko nyuma ya zote mbili, unaweka kidole eneo lako unaona makadirio. Ni pa kuanzia tu. Baada ya hapo mlingoti wa kupimia unasimikwa kwa angalau mwaka mzima, manake upepo wa msimu mmoja unadanganya.

Na hapa kuna hesabu ambayo kila kiongozi wa kanda anapaswa kuijua kichwani: nguvu ya upepo inakua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nane, siyo mara mbili. Hata tofauti ndogo ya mita 6 kwa sekunde na mita 7 kwa sekunde inakupa karibu asilimia 60 zaidi ya nguvu iliyoko kwenye ule upepo. Ndo maana mlima huu una maana na ule wa pembeni hauna, na ndo maana mnara mrefu unalipa, juu kule upepo haukwaruzwi na miti na nyumba. Kimtambo kidogo kilichofungwa kwenye kona ya paa kati ya nyumba na miti, mara nyingi ni pesa imetupwa. Hapo chukua sola.

Tunachokidai kwenye sera ni hiki: vipimo vinavyofanyika kwa pesa ya umma viwekwe wazi. Vikifungiwa kabatini mwekezaji mmoja ndo anakuwa na siri ya ardhi yenu kuliko nyie wenyewe.

Kwenye elimu mnafundisha nini hasa? Si mambo ya vyuo vikuu hayo?

Tunaingia darasani na paneli ndogo ya saizi ya daftari, kifeni cha kuchezea, mita ya volti na waya mbili. Tunatoka nje juani, tunaunga, kifeni kinazunguka, watoto wanashangilia. Alafu tunamwita mmoja tunamwambia afunike seli moja tu kwa kiganja. Kifeni kinazubaa, kinasimama. Kimya. Wanaangalia paneli, sehemu kubwa bado iko juani, mbona kimesimama? Hapo ndo tunaeleza kwamba seli zimeungwa kama watu walioshikana mikono wanapita mlango mmoja, yule mzito kuliko wote ndo anaamua mwendo wa kundi. Paneli kubwa zina diodi, vijifaa vinavyoupitisha umeme pembeni ya seli zilizofunikwa, za kupunguza hiyo hasara lakini haziimalizi.

Kuna binti mmoja alitoka kwenye somo hilo akaenda moja kwa moja kumwonyesha baba yake kivuli cha tangi la maji kilichokuwa kinalala kwenye paneli za nyumbani kuanzia saa tisa mchana kila siku. Baba alikuwa ameshalipa fundi mara mbili kubadilisha betri. Betri hazikuwa na tatizo, zilikuwa hazijai tu. Wakasogeza paneli mbili. Mtoto wa darasa la saba huyo.

Tunafundisha pia kwamba paneli haipendi joto. Inataka mwanga, lakini kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake, kwa hiyo iachie nafasi chini hewa ipite usiilaze juu ya bati. Kusoma bili. Kusoma lebo nyuma ya paneli kabla hujatoa hela.

Na habari ya vyuo vikuu, hebu sikia. Mwaka 1978 mtambo wa upepo mkubwa kuliko yote duniani kwa wakati ule, wa megawati 2, uliwashwa huko Tvind, Denmark, na waliojenga walikuwa walimu, wanafunzi na watu wa kujitolea. Mpaka leo upo. Chuo cha Barefoot kule Tilonia, India, kilichoanzishwa 1972, kinachukua akina mama wa vijijini, wengi bibi zetu kabisa ambao hawajasoma, kinawafundisha kwa miezi sita kufunga na kutengeneza mifumo ya sola kwa kutumia rangi na ishara, na Zanzibar pia wana kituo. Yule mama akirudi kijijini haondoki kwenda mjini kutafuta kazi kama kijana, anabaki, na mfumo ukiharibika kuna mtu wa kuutengeneza. Miradi mingi ya sola hufa kwa fyuzi ya bei ndogo ambayo hakuna aliyefundishwa kuibadilisha, paneli ziko nzima kabisa juu ya paa.

Ardhi yetu itaenda wapi?

Hapa tuwe makini, manake hapa ndo watu wameumizwa.

Shamba la upepo linaonekana kubwa ila misingi ya mitambo na barabara zake vinachukua kipande kidogo tu, katikati ng'ombe wanalishwa na watu wanalima. Sola inabana zaidi, ingawa siku hizi kuna mashamba ambayo paneli zimeinuliwa juu na mboga au kondoo wako chini. Kwa hiyo kuishi pamoja kunawezekana. Tatizo linakuja kwenye makaratasi ya ardhi. Pale pale Turkana niliposema mradi ni wa kujivunia, wananchi walienda mahakamani, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa kufuata sheria. Unapenda upepo, sawa, lakini upepo mzuri hauhalalishi hati mbaya, na sisi tunaopigania hii nishati tunatakiwa kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Nini kinafanya kazi? Umiliki. Bandari ya Copenhagen ina mitambo 20 baharini inaitwa Middelgrunden, ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nusu yake ilimilikiwa na ushirika wa watu wa kawaida zaidi ya 8,000. Baadaye, kuanzia 2009, sheria ya Denmark ikawataka wajenzi wa mitambo ya upepo wawauzie wakazi wa karibu angalau asilimia 20 ya hisa. Mtu akiwa na hisa, mtambo ukizunguka anasikia pesa inaingia. Akiwa hana, anasikia kelele.

Kwenye mkutano mmoja mzee alisimama, akanyoosha kidole juu. Laini kubwa ilikuwa inapita karibu kabisa na pale tulipokaa. Akasema, "Wanangu, huu umeme unapita juu ya kichwa changu miaka yote na nyumbani kwangu giza. Nyie mmeniletea habari gani mpya?" Tulikuwa na majibu ya kiufundi, kwamba laini ya volti kubwa hivyo huwezi kuichomoa ukapeleka nyumbani, inataka kituo cha kupunguza nguvu. Tukamwambia, lakini tulimwambia pia ukweli wa pili: kile kituo kingeweza kuwekwa kwenye mkataba tangu mwanzo na hakuna aliyekidai. Tangu siku hiyo kwenye kila orodha yetu ya madai, umeme kwa vijiji vilivyo chini ya laini ni namba moja.

Bili yangu itapanda au itashuka?

Inategemea mkataba ulivyoandikwa. Upepo na jua havina mafuta ya kununua, karibu gharama yote ni ya mwanzo, kwa hiyo kinachoamua bei ya uniti ni riba ya mkopo. Mashamba mawili ya sola yanayofanana kila kitu, moja limekopa kwa riba ya asilimia 4 na lingine 14, umeme wao hautafanana bei hata kidogo. Na riba inaangalia hatari: sheria zinayumbayumba? mnunuzi analipa kwa wakati? ardhi ina kesi? Kwa hiyo kila kanuni inayotulia inashusha bili yako hata kama haikutajwi.

Sera mbaya nayo inaumiza. Hispania waliweka bei ya sola nono kupita kiasi bila kikomo cha kueleweka, mwaka 2008 peke yake zikafungwa zaidi ya megawati 2,500, deni likawashinda, baadaye wakaanza kukata malipo hata ya miradi iliyokwisha kujengwa. Wawekezaji wakakimbilia kwenye mabaraza ya usuluhishi, na familia zilizoweka akiba yao kwenye paneli zikaumia. Ndo maana siku hizi sisi tunapendekeza minada ya wazi kwa miradi mikubwa, anayetaja bei ya chini ndo anachukua, na bei maalum ibaki kwa miradi midogo na ya ushirika.

Mita ya pande mbili ni nini, na kwanini kila mahali kuna ugomvi?

Ni mita inayohesabu umeme unaouchukua na ule unaourudisha wa ziada kutoka kwenye paneli zako. Ugomvi uko kwenye bei ya ule unaorudi. Makampuni ya umeme yanasema wenye paneli wanatumia waya bila kuzilipia, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Wenye paneli wanasema umeme wao wa mchana unapunguza mzigo, nao wana ukweli. California ilikuwa inalipa karibu bei ile ile ya rejareja, Aprili 2023 wakashusha sana malipo kwa wateja wapya. Hispania 2015 waliweka kodi ambayo watu wakaibatiza kodi ya jua, ikafutwa 2018. Ushauri wetu: msiingie kwenye mazungumzo mkidai uniti kwa uniti milele. Daini bei inayoeleweka, inayopitiwa kwa ratiba inayojulikana, na aliyeshafunga asibadilishiwe katikati ya safari.

Ndege, kelele, afya?

Ndege wanakufa kweli kwenye mitambo, hasa ndege wakubwa wa kuruka juu, kwa hiyo usisimike kwenye njia zao za kuhama na lazima tathmini ya mazingira ifanyike kabla, siyo baada. Kule Smøla, Norway, walijaribu kupaka panga moja la kila mtambo rangi nyeusi na vifo vikapungua, ingawa ni mitambo minne tu waliyojaribia. Kelele inapungua kwa umbali, kanuni iseme umbali huo ni mita ngapi. Kuhusu hewa, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi mwaka 2014 lilihesabu tangu kutengeneza mpaka kubomoa: upepo wa nchi kavu kama gramu 11 za hewa ya ukaa kwa uniti moja, sola ya mashamba makubwa kama 48, makaa ya mawe 820.

Zikizeeka zinatupwa wapi?

Paneli inaishi miaka 25 na zaidi, sehemu kubwa ni kioo na alumini, inarejelezeka. Umoja wa Ulaya tangu 2012 umeziingiza kwenye sheria ya taka za vifaa vya umeme, muuzaji anawajibika kuzipokea. Mapanga ya upepo ni magumu zaidi kurejeleza, hilo ni kweli. Vindeby, shamba la kwanza la upepo la baharini duniani, lilijengwa 1991 likabomolewa lote 2017. Pesa ya kubomoa iwekwe pembeni tangu siku ya kwanza, iandikwe kwenye leseni.

Serikali ikibadilika si kila kitu kinaanza upya?

Inaweza. England mwaka 2015 kanuni za mipango zilibadilishwa, ikawa malalamiko ya watu wachache yanatosha kuzuia mtambo wa upepo wa nchi kavu, na ujenzi karibu ukasimama kabisa mpaka zilipoondolewa Julai 2024. Miaka tisa, na upepo ulikuwa unavuma tu.

Uruguay walienda njia nyingine. Mwaka 2008 serikali ilipitisha sera ya nishati ya muda mrefu, mkurugenzi wa nishati akiwa mwanafizikia Ramón Méndez, alafu 2010 vyama vyote vilivyokuwa bungeni vikakubaliana nayo, wa serikali na wa upinzani. Mwekezaji akaona hata uchaguzi ukigeuka mkataba wake uko salama. Ndani ya miaka kama kumi nchi ndogo isiyo na mafuta ikawa inapata zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kwenye maji, upepo, jua na mabaki ya mimea. Kwa hiyo sisi hatumfuati mbunge wa upande mmoja. Tunaenda kwa wote, hata kwa yule aliyetukasirikia mwaka jana.

Nikipewa dakika mbili kwenye kikao cha maoni niseme nini?

Usianze na hotuba ya mabadiliko ya tabianchi, wajumbe wameshaisikia mara kumi asubuhi hiyo. Shika rasimu mkononi, taja kifungu: "Kifungu cha 14 kinasema ombi la kuunganishwa litajibiwa kwa wakati unaofaa. Naomba kisomeke, litajibiwa ndani ya siku 60, na likikataliwa sababu zitolewe kwa maandishi." Kaa chini. Karani anaandika neno kwa neno, na mjumbe anaweza kulibeba lilivyo bila kufikiri. Maneno kama "wakati unaofaa", "pale inapowezekana", "mamlaka inaweza", hayo ndo mashimo ambayo miradi inadumbukia, yawinde. Peleka na nakala ya maandishi yenye sahihi yako na ya majirani, alafu baada ya wiki mbili rudi uulize imefika wapi. Wengi wanaongea vizuri, wanaorudi kuuliza ni wachache sana.

Itachukua muda gani tuone matunda?

Shamba la sola likishapata vibali na laini linaweza kujengwa ndani ya mwaka. Vibali na laini ndo vinakula miaka, na elimu inakula mingi zaidi. Mwaka 1904 mwalimu mmoja wa Denmark, Poul la Cour, aliyekuwa akifanya majaribio ya umeme wa upepo kwenye shule ya watu wazima pale Askov tangu 1891, alianza kozi fupi ya mafundi umeme wa vijijini. Kati ya wanafunzi wa mwanzo alikuwepo kijana wa miaka 17 anaitwa Johannes Juul. Akawa fundi, akafanya kazi yake ya umeme maisha yote, na akiwa mtu mzima kabisa akarudi kwenye upepo, 1957 akawasha mtambo wa mapanga matatu pale Gedser, kilowati 200. Ulifanya kazi miaka 10 hivi bila usumbufu mkubwa kisha ukaachwa. Mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970 watu walirudi Gedser, wakaufufua ule mtambo ili waupime, na mafundi wa Denmark wakaanza kujenga ya kwao kwa kufuata alichofanya Juul.